Waya Mwembamba

Jumatatu, 3 Februari
Nakiri kosa: tangu tumzike mke wangu Ruth, mwezi wa Julai, sijaandika hata mstari mmoja. Sina udhuru. Leo chai, gazeti, kisha kupima chumba. Hatua nne kwa tatu. Redio ya zamani imekufa na kimya cha nyumba hii, hapa mtaani Waberi, kimenichosha. Nahitaji risiva ya redio, na nyaya za kuiunganisha na spika zangu mbili za zamani. Wati ishirini zatosha.

Jumanne, 4 Februari
Dukani kwa Abdi, mwanafunzi wangu wa zamani.
"Mwalimu, chumba yako ndogo. Ukichukua hii kubwa, ukuta itahama."
"Utahama."
"Wallahi, na wewe utahama nayo."
Nilicheka. Sikumbuki nilicheka lini mara ya mwisho. Nikachukua risiva ndogo yenye vitufe. Waya nikachagua mwembamba, upite chini ya mkeka. Abdi alinionya kwamba mwembamba hunasa matangazo ya redio za watu. Sikumsikiliza.

Alhamisi, 6 Februari
Saa tisa alasiri. Risiva imezimwa, plagi nimeichomoa kwa mkono wangu. Spika ya kushoto ikasema, kwa sauti ya mwanamke: "Chumba ndogo."
Redio ya watu, basi. Lakini nimefundisha miaka thelathini na minane. Mdomo ulijibu kabla yangu: "Kidogo."
Kisha: "Chumba kidogo."
Naogopa.

Ijumaa, 7 Februari
Ruth alikuwa na mzaha mmoja. Akiniona nimenuna, husema "chumba ndogo". Mimi humsahihisha, naye hurudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Mchezo wa watu wawili. Hatukuucheza mbele ya mgeni.
Abdi alikuja, akachunguza. Spika haikutoa neno. "Waya ndiyo antena, mwalimu. Ile nene itanyamazisha hii sbika kabisa." P yake bado ni B, kama alivyokuwa darasani.
Alipofunga lango, spika ilipumua.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani sikusikia mahubiri. Waya mnene uko mezani. Abdi aliuleta jana. Kazi ya dakika tano. Nikiubadilisha, hofu itakwisha, na huenda nitakuwa nimemzika Ruth mara ya pili. Nisipoubadilisha, sijui ninamkaribisha nani.
Joto. Spika imenyamaza, lakini imenyamaza kama mtu anayesubiri zamu yake. Sijasema neno tangu asubuhi, nisije nikajibiwa.
Bisibisi iko mkononi. Nikishaamua, nitaandika. Kabla ya hapo, kalamu nayo ikae kimya.