Joto la Silinda ya Mwisho

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na lile goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila usingizi umenipa talaka.

Nilikwambia nimepata kazi, sikukwambia wapi. Ni kule kiwandani alikofia shemeji. Wanaifumua ile mashine aliyokuwa akiiendesha mpaka mvuke ulipomuunguza. Najua utanuna, lakini nilitaka niwe mimi wa kuifungua.

Imepangwa hivi: mvuke ukitoka kwenye boila na hasira zake zote huingia silinda ndogo kwanza. Ukishaisukuma huhamia ya kati, kisha kubwa, kila mara ukiwa umepungua nguvu, ndiyo maana kila silinda ni pana kuliko iliyotangulia. Pumzi inayosalia huzungusha mapanga ya tabo, lile gurudumu la kule mwisho. Kwa hiyo silinda kubwa haiwezi kupata moto ile ndogo ikiwa baridi.

Boila haijawashwa tangu msiba wetu, na bomba lake tumeshaling'oa. Lakini jana mchana niligusa silinda kubwa nikautoa mkono upesi. Ilikuwa na joto kama paji la mgonjwa wa homa. Ile ndogo, baridi kama jiwe. Nikamwita mchomeleaji, mtu wa mzaha kutwa kucha. Akagusa, akasema labda ni jua. Nikamwonyesha madirisha yalivyozibwa kwa mabati. Akakusanya vifaa vyake, akaniambia, "Ndugu yangu, chuma kilichokufa hakitoki jasho." Hajarudi.

Leo msimamizi kasema niendelee peke yangu. Nimefungua kifuniko cha tabo. Mapanga yalikuwa yakizunguka, polepole, na hewa ya uvuguvugu ikanijia usoni, ikaja tena, kama mtu anayehema.

Dada, hili sikutaka kuliandika, moyo umekataa kulificha. Katika kuhema kule mlikuwa na sauti ya shemeji. Haikuniita mimi. Iliita "Kidoti," kwa upole, ikauliza mbona unachelewa hivyo.

Sijawahi kumsikia akikuita hivyo mbele za watu. Kama si jina lako, nijibu upesi, nijue ni uchovu tu. Kama ni lako, nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya pamoja, usije huku, hata mimi mwenyewe nikikuandikia uje.

Nikumbatilie watoto, na shangazi umwambie namsalimu sana.

Mdogo wako,
Kitindamimba