Shela Lililopigwa Pasi Bila Miwani

Bi harusi wetu,

Chai iko kwenye chupa, kunywa kabla hujapaka rangi ya mdomo. Gauni usiliguse.

Asubuhi, mbele ya wapambe wenzangu wote, ulisema miwani yangu itawaharibia picha, niivue nianze kuzoea. Haya, nikaivua. Hapo hapo ukanitupia shela lako nilipige pasi, eti rangi ya kucha zako haijakauka. Mdogo wangu, shela limeungua.

~~Nisamehe.~~ Umejitakia.

Nalikimbiza kwa fundi aliwekee ua la lesi. Usilie, wanja utachuruzika, na wewe picha unazijali kuliko dada yako.

Tundu lenyewe lisikutie presha, ni dogo kama punje ya mchele. Hivyo ndivyo ninavyoliona bila miwani.

Dada yako mkubwa