Makoye Hataki Maji

Masumbwe, Jumapili

Baba Makoye,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia. Yule mbuzi wako mkaidi amezaa mapacha. Makoye alishikwa na homa, akawa analia kila akikojoa. Zahanati wamempima mkojo, wakakuta maambukizi. Dawa anakunywa, homa imeshuka.

Mume wangu, tulimkosea. Ulipomwambia mwanaume hakojoi kitandani, kumbe aliacha kunywa maji. Nami nilimbebesha godoro aanike mbele ya wenzake. Sasa daktari anataka anywe maji mengi, naye anakataa: “Nataka Baba akija anikute sikojoi.”

Usingoje likizo ya mgodini. Mpigie leo, umwambie wewe uliacha kukojoa kitandani ukiwa darasa la nne. Mama yako ameshanieleza.

Wako,
Asteria