Besi ya Tluway

Jumamosi, 14 Julai. Asubuhi ukungu umefunika mlima Hanang mpaka kiunoni. Upepo wa baridi, ngano ina umande. Kombaini hazikutoka hadi saa nne.

Leo tumeaibika mbele ya wageni kutoka Arusha. Wote wanasema kosa ni langu. Nusu ni langu kweli, lakini si nusu wanayoisema wao.

Niandike kwa mpangilio, labda hasira itapungua.

Tluway, mpiga besi wa bendi yetu ya shamba la serikali, bado amelazwa hospitali ya Haydom na mguu wake uliovunjika. Bila besi hatuna bendi. Mimi ni karani wa mizani, kazi yangu kupima malori ya ngano, lakini ile rekoda ya mikanda aliyoiacha Mzungu wa karakana naijua kuliko mtu yeyote hapa. Nikakata mkanda kwa wembe, nikaunganisha ncha zake ukawa duara, ukapita ndani ya rekoda na kuzunguka chupa ya soda niliyoijaza maji isianguke. Paskali, mpiga solo wetu, anapiga besi mzunguko mmoja, narekodi. Nabadilisha swichi, na besi ile ile inajirudia yenyewe. Paskali anashika gita lake la solo, wenzake wanaimba.

Jumapili iliyopita nilipanda basi kwenda kumuuliza Tluway urefu wa mkanda. Alinigongea mapigo kwa vidole kwenye chuma cha kitanda. "Usiukate mfupi, dada. Acha mahali pa kuvuta pumzi." Wimbo ni wake. Wageni wakiupenda, bendi inakwenda Arusha kurekodi. Amelingoja hilo tangu kabla hajaoa.

Shida ilikuwa moja: jenereta. Karakana wakichomelea vyuma, umeme unalegea, rekoda inazunguka polepole na sauti inashuka. Tuliliona hilo mazoezini Jumanne. Nikamwandikia kiongozi wa bendi, Bwana Elibariki, karatasi: awaombe karakana wasichomelee kuanzia saa tisa hadi saa kumi. Hapa karani hamwagizi fundi mkuu. Lazima aseme mkubwa.

"Nimeshawaambia, Dada Mizani," alinijibu, karatasi ikiwa bado imekunjwa mkononi mwake. "Wewe kapime ngano."

Mwanzoni besi ilitoka safi, hata akina mama wa jikoni wakaacha masufuria na kuanza kucheza. Kisha taa za ukumbi zikafifia.

Besi ikaanza kuzama. Waimbaji wakaifuata chini kama ng'ombe wanaomfuata mwenzao bondeni, gita la Paskali likabaki juu peke yake. Mgeni mmoja akaficha mdomo kwa kofia.

Hapa ndipo ilipo nusu yangu.

Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Ningezima, wangejikokota na ngoma na solo mpaka mwisho. Sikuzima. Nilimtazama Elibariki akitoka jasho, nikahesabu mizunguko: moja, mbili, tatu, nne. Nilitaka asikie.

Alisikia. Kisha akawageukia wageni akicheka: "Mtusamehe, wakubwa. Mtambo ukimpa mwanamke, anausonga kama ugali!"

Wakacheka naye. Wakasema labda mwakani.

Jioni nilipita karakana. Fundi wa kuchomelea, uso mweusi kwa moshi, akanishangaa. "Nani alituambia? Shafti ya kombaini imekatika, tungekaa tu tunaitazama? Ungekuja mwenyewe, dada, ningekusikia."

Kutoka mizani hadi karakana ni hatua mia mbili. Nimewahi kuzihesabu. Tangu Jumanne sikuzitembea, kwa sababu nilitaka Elibariki alazimike kuitii karatasi yangu.

Kesho kuna basi la Haydom. Tluway ataniuliza habari kabla sijakaa. Nikimwambia ni jenereta, nitakuwa nimesema kweli. Nikimwambia ni Elibariki, kweli pia. Ile mizunguko minne hakuna aliyeihesabu ila mimi, na naweza kuzikwa nayo.

Lakini wimbo ulikuwa wake. Elibariki hakupoteza kitu leo.

Mkanda nimeukunja ndani ya kopo la majani ya chai. Nitakwenda nao. Nitaanza na ile minne, halafu jenereta, halafu Elibariki kama Tluway bado atataka kunisikiliza.

Naongeza alfajiri: usingizi ulinichukua saa nane na robo usiku, na bado nitaanza na ile minne.