Tuzo ya Dokta Choua

Mee, mbona hupokei simu? Basi soma.

Ile tuzo ya profesa wetu, Dokta Choua, ya utafiti wake kuhusu ubaguzi kwenye ushauri nasaha. Mwenyekiti wa chama cha wanasaikolojia alitaka kunipa mimi!

Mimi, Mee! Jina la Dokta Choua limetajwa, nikamshika mkono kumpandisha jukwaani. Mwenyekiti akamruka, akanikumbatia mimi: "Hongera, Dokta! Miaka thelathini ya kazi, na bado kijana hivi!"

Miaka thelathini! Mimi nina ishirini na sita!

Nikamwambia, "Si mimi, ni huyu." Akamtazama, akacheka. "Aa, samahani! Nilidhani ni mama yako!"

Ukumbi mzima ukacheka naye. Wanasaikolojia, Mee! Wale wale niliokuwa nakwambia kwamba wao angalau wanaelewa.

Dokta Choua akapokea ngao, akatabasamu, akapigwa picha na yule bwana.

Kwenye gari nikashindwa kujizuia, nikalia. "Dokta, mbona hukusema kitu?"

Hata hakugeuka. Ngao ameipakata kwenye sketi yake ya Kihmong, ile ya asili ya watu wetu.

"Nimesema kwa miaka thelathini, mwanangu. Ndiyo maana wamenipa tuzo hii."