Maji ya Kumnawisha Kanali

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka kazini Stratford, miguu inawaka. Nimeogesha wazee, nimelisha wazee, nimebishana na mzee mmoja kuhusu soksi. Kisha maktaba. Jenerali ninayemwandikia tasnifu bado ni kapteni. Mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi, kaingia jeshi la Napoleon hajui hata kuandika jina lake, na sasa wapanda farasi wanamfuata popote anapoelekeza upanga. Wenzangu chuoni wanaandika tasnifu juu ya mambo ya maana. Mimi nimeng'ang'ania huyu. Ana masharubu ya kijinga. Nampenda.

Nyumbani Kilburn nikamkuta Mama anapiga deki sakafu iliyokwisha pigwa deki. Baba Mdogo anakuja London. Atafikia kwetu, Jumamosi ya wiki ijayo.

Sikula.

Alhamisi, 6 Machi
Niandike nisije nikapasuka.

Baba Mdogo alikuwa kanali wa waasi walioshika mji wetu. Baba, kaka yake, alikuwa mwalimu wa shule, basi. Tulipotaka kukimbia, Baba Mdogo alikuja na gari lake akasema tubaki. Yeye yupo, hakuna wa kutugusa. Tukafungua mizigo. Alfajiri ya pili yake alikuwa amekwisha hamia upande wa serikali pamoja na askari wake, sare mpya mwilini. Waasi aliowaacha wakaja kutafuta ndugu wa msaliti. Wakampata Baba.

Sisi tukaishia kambini Kigoma, halafu huku. Yeye akapanda cheo.

Sasa kanisa letu limemwalika atoe ushuhuda. Tangazo limebandikwa mlangoni: shujaa wa amani. Nimelirarua. Mchana kweupe, na begi la kazini begani. Sijutii.

Jumapili, 9 Machi
Wamebandika jingine.

Baada ya ibada Mama kanivuta pembeni. "Mwamini, ule ni damu ya baba yako. Utamunawisha, na sitaki kelele."

Kwa ukoo wetu, ndugu akirudi baada ya miaka mingi, binti mkubwa wa nyumba anammiminia maji mikononi mbele ya watu, kabla ya chakula. Maji yakishamwagika, neno limekwisha. Humuulizi tena, humdai tena. Milele. Mama anajua hilo. Mchungaji anajua. Na Baba Mdogo anajua kuliko wote. Alipompigia Mama simu, kabla hata ya kumjulia hali, aliuliza kama binti mkubwa wa kaka yake bado anakaa pale.

Hakuja kutuona. Amekuja kunawa.

Mdogo wangu Bahati alikuwa tumboni Baba alipouawa. Anasikia Kiswahili chote, anajibu Kiingereza. "Just do it, dada. It's only water." Eti ni maji tu! Nilitaka kumzaba kofi. Nikaenda kutembea mpaka hasira ikanichosha.

Alhamisi, 13 Machi
Siku mbaya kabisa.

Jenerali amenisaliti. Nilijua mwisho wake kwa juujuu, leo nimeusoma kwa kituo. Bwana wake alipoanguka, yeye akamwapia mfalme. Bwana wake akarudi, akamwapia tena. Bwana akashindwa tena, na huyu akarudi kwa mfalme na viapo vyake mkononi. Anabadilisha mabwana kama mtu anayebadilisha laini ya simu. Na katikati ya hayo kuna daraja. Aliwaambia wapanda farasi wake walishike, atarudi na msaada. Hakurudi. Wakafa pale na farasi zao. Yeye alikufa mzee, kitandani, nishani ukutani. Vitabu vyote nilivyosoma vinasifu ujasiri wake. Daraja limepewa sentensi moja tu, kisha wanapita.

Nimeandika kurasa za moto nikazipeleka chuoni. Jibu la mwalimu: hasira nyingi, ushahidi kidogo. Mtu huyu amekufa zamani, kasema, mwache apumzike.

Wote wapumzike! Wote wanawe, wale, walale! Nimechoka na watu wanaoniambia nipoe.

Jumamosi, 15 Machi
Nyumba ilijaa. Mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama na masufuria. Baba Mdogo amenenepa. Suti ya kijivu, marashi hadi kwenye ngazi. Na sura ni ya Baba. Hilo hakuna aliyenitahadharisha.

"Mutoto wangu, umekuwa mukubwa," kasema. Akavua koti, akakunja mikono ya shati kabla hata sijaleta beseni.

Nilipiga magoti kama inavyotakiwa. Jagi mkononi. Mikono yake ikawa tayari juu ya beseni. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida, "Baba mudogo, ile asubuhi ulijua tuko ndani ya nyumba?"

Mchungaji akakohoa.

"Ile ilikuwa vita, mama. Amri ilitoka juu."

"Ulijua ao haukujua?"

Hakunitazama. Alitazama jagi. "Mimina maji. Watu wako na njaa."

Nikaliweka jagi chini. Mikono yake ilibaki pale hewani, mitupu.

Mama akainuka. Nilijua atachukua jagi amalize mwenyewe, na nilianza kumchukia hapohapo. Akachukua beseni. "Bomba iko kule jikoni, shemeji. Kila mutu anawe mwenyewe."

Baba Mdogo hakwenda jikoni. Alishusha mikono ya shati, akafunga vifungo kimoja kimoja, akachukua koti. Mchungaji akamfuata. Waliobaki walikula sombe, kisamvu chetu.

Jumapili, 16 Machi
Hatukwenda kanisani. Simu ya Mama imeita asubuhi nzima, ameifunika kwa mto.

Mvua. Bahati amelala kwenye kochi.

Nilikuwa nasahihisha sura ya daraja Mama alipokuja kukaa kando yangu. Miaka yote hii hajawahi kusema lolote juu ya asubuhi ile. Nilizoea kutouliza. Leo ameanza mwenyewe, bila kunitazama, akikunja nguo. Baba alikuwa amevaa shati ya kijani. Walipobisha, alikuwa ananyoa ndevu. Alimwambia Mama atupitishe nyuma, yeye akaenda mlangoni na povu usoni.

Bahati alikuwa amefumbua macho. Akauliza, kwa Kiswahili, shati ilikuwa ya mikono mirefu?

Mirefu, Mama kasema. Alikuwa ameikunja.