Kanisa langu limeipinga klabu ninayolinda

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Peckham, hapa London, yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Nimefika nyumbani na koti bado sijavua.

Leo nimekaa mkabala na watu wa kanisa langu kama adui yao.

Wacha niseme wazi. Mimi ni baunsa wa klabu ambako wasichana hucheza wakivua nguo. Kila mwaka klabu huomba leseni upya kwa kaunsili, na mwaka huu kanisa letu, lililo mtaa huohuo, limepinga. Kanisani, ambako naimba kwaya, wanadhani nalinda hoteli. Aliyezunguka akikusanya sahihi ni Mama Nyaboke, ambaye alinipa kitanda nilipotoka Kisii bila kumjua mtu. Hata mimi aliniletea kalamu. Nikajifanya nina simu ya haraka.

Bosi naye akataka nije kwenye kikao cha kaunsili nieleze vile mlango unalindwa. Kukataa ni kuaga kazi.

Mwenyekiti, mama mzungu mpole, alitangulia kusema kwamba pale hawahukumu dhambi. Walitaka kusikia kuhusu mahali, saa na usalama, na kila upande ulikuwa na dakika chache tu. Mchungaji wetu akasimama. Akawasalimu madiwani katika jina la Bwana. Akaleta salamu za mkewe, za wazee wa kanisa, za idara ya akina mama. Akawaombea radhi waliokosa kufika kwa sababu ya kazi. Akashukuru kwa nafasi. Alipofungua Biblia, muda ukawa umekwisha.

Bosi alitabasamu. Mimi niliumia, kwa sababu hakuna aliyetaja watoto.

Ijumaa jioni kwaya ya watoto hutoka mazoezini wakati sisi tunafungua, na hupita mlangoni petu wakienda kushika basi. Diwani mmoja akaniuliza kama kuna shida yoyote hapo nje. Bosi ananitazama. Mama Nyaboke tangu niingie hakuniondolea macho.

Nikasema ukweli. Kwamba Ijumaa mimi huwafukuza wavutaji sigara mlangoni ili watoto wapite, na nisipokuwa zamu sijui nani huwafukuza.

Leseni wameipitisha, ila Ijumaa tusifungue mpaka watoto wawe wameenda. Bosi alinipita akatoka. Kama bado nina kazi, sijui.

Nje, Mama Nyaboke alinishika mkono. "Umetusaidia, mwanangu. Jumapili ukuje. Lakini utakaa benchi ya nyuma, mpaka wazee waongee na wewe."

Kwetu benchi ya nyuma ni ya waliotengwa. Kwaya huimbi, meza ya Bwana husogelei, na kila anayeingia anajua una kesi. Nikamjibu, "Sawa, Mama," maana mtu mzima hajibizwi barabarani.

Lakini nina hasira. Mchungaji alimaliza muda wote kwa salamu, nikasema mimi lile lililohitajika, na anayetengwa ni mimi?

Nampenda yule mama. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumapili nitaenda. Nitavaa joho la kwaya na kusimama mahali pangu, kwenye sauti ya pili. Anayetaka kunirudisha nyuma aje anishike mkono anitoe, watoto wakiona.